Nauli imepanda na watu wako wanaishi mbali: hatua za kuwasaidia wafanyakazi bila biashara yako kuyumba

Mabosi wenzangu wa biashara ndogondogo hapa Dar, leo naongea na nyie mnaolipa watu laki mbili na nusu, laki tatu, halafu ishu ya kufika kazini mnamwachia mfanyakazi mwenyewe atajua anafikaje. Na mimi nilikuwa hukohuko. Nina mgahawa Sinza, watu 11, na kwa zaidi ya mwaka nilikuwa natoa 2,000 ya nauli kwa siku kwa kila mtu nikiamini nimemaliza, maana kichwani mwangu daladala ni 600 kwenda na 600 kurudi, chenji inabaki ya maji.

Dada wangu wa chapati ndio alinifungua macho. Alikuwa anachelewa, nikamsema, akachelewa tena, nikamsema mbele za watu, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Siku moja saa 5 asubuhi nikamkuta nyuma ya jiko kakaa kwenye kreti la soda kasinzia mikono imejaa unga. Nikamuuliza kwani unaamka saa ngapi? Akaniambia, "Bosi, wiki ya asubuhi naamka saa tisa usiku, wiki ya jioni nafika nyumbani saa sita kasoro." Anaishi Chanika, tena sio Chanika stendi, ndani kule. Tulipokaa tukaandika safari yake yote kwenye karatasi nikakuta zile 2,000 zangu hazifiki hata nusu ya anachotumia. Tangu hapo nikaanza kulifanyia kazi hili jambo kwa utaratibu, na haya ninayoandika hapa ndiyo niliyoyafanya kwa mfuatano wake, usiruke hatua maana ile ya hela mimi nimeiweka katikati makusudi.

Hatua ya 1: Kaa na mtu mmoja mmoja, andikeni safari yake kuanzia mlangoni kwake

Usiulize "nauli yako ni shingapi", ukiuliza hivyo mtu atakutajia nauli ya daladala tu, au atataja hela ndogo akiogopa utamuona mzigo. Uliza hivi: ukitoka nyumbani unafika barabarani kwa miguu au kwa boda? Unapanda gari la wapi kwenda wapi? Unashuka wapi unapanda lipi? Kurudi ni hivyohivyo au inabadilika? Usiku je? Mvua ikinyesha je?

Ukifanya hivi utagundua kitu ambacho mimi sikukijua, kwamba hela nyingi haiendi kwenye daladala. Nauli ya daladala inapangwa na LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, na haipandi kila siku. Ya umbali mfupi, ile ya mpaka kilomita 10, ilikuwa 400, Mei 2022 ikawa 500, na Desemba 2023 ikawa 600. Inauma lakini inajulikana. Kinachomaliza watu ni vile vipande ambavyo havina kibandiko cha LATRA:

- Boda ya kutoka ndani mpaka lami. Wafanyakazi wetu wengi wanaishi kule ambako kodi ni nafuu au wamebahatika kununua kiwanja, na huko daladala haiingii. Alfajiri na usiku ndio bei inapanda maana boda anajua huna namna.
- Gari kukata ruti. Limeandikwa linaenda mpaka mwisho, konda anawashusha njiani anageuza, nyie mnapanda lingine mnalipa upya. Jioni ndio mchezo wao.
- Kugeuza nalo. Gari likija limejaa mtu anapanda kuelekea kule linakotoka, anakaa kwenye siti mpaka kituo cha mwisho, linageuka naye. Analipa mara mbili ili tu apate pa kukaa au apate gari kabisa. Kijana wangu wa Mbagala Rangi Tatu alikuwa anafanya hivi kila siku ya kurudi, na mimi sikuwa na habari.

Dada wa chapati yake ilikuwa hivi. Wiki ya shifti ya asubuhi: boda ya alfajiri 1,500, Chanika mpaka Buguruni 900, Buguruni mpaka Mawasiliano 700, kurudi 1,600 na kutembea, jumla 4,700. Wiki ya jioni: kwenda 1,600, kurudi usiku gari za moja kwa moja zimeisha anaunga unga magari matatu kwa 2,000, na boda ya usiku 2,000 nyingine, jumla 5,600. Kwa mwezi wa siku 26 inakuja 133,900. Mimi nampa 52,000. Kwa hiyo 81,900 anatoa kwenye mshahara wake wa 250,000, yani karibu theluthi nzima ya mshahara inabaki barabarani.

Jambo moja: usidai barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha mtu anaishi wapi. Mnataka kusaidiana, sio kupelelezana. Mtu anayesema uongo kuhusu ruti utamjua tu, hawezi kukutajia vituo kwa mpangilio.

Hatua ya 2: Angalia kuchelewa na kutokuja vinakugharimu nini wewe

Chukua daftari lako la miezi mitatu iliyopita. Hesabu siku ambazo mtu hakuja ukaita deiwaka, yani kibarua wa siku, hesabu walioacha kazi ghafla. Mimi nilikuta naita deiwaka kama siku 20 kila mwezi, kila siku 10,000, yani laki mbili inatoka na wala sijawahi kuiandika popote kama gharama ya nauli. Kumbe ndiyo yenyewe, maana tarehe za kutokuja zilikuwa zimejazana kuanzia tarehe 18 hivi mpaka mwisho wa mwezi. Watu hawaumwi tarehe 20, wameishiwa nauli na wanaona aibu kusema. Iandike hiyo namba pembeni utaihitaji mbele.

Hatua ya 3: Gusa saa kabla hujagusa hela

Hapa ndipo penye utajiri wote wa jambo hili kwahiyo nitakaa kidogo.

Wewe mwenye biashara huwezi kushusha bei ya mafuta. EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na wote tunaipokea tu, Agosti 2022 petroli ilipita 3,400 kwa lita hapa Dar na hakuna mgahawa uliulizwa maoni. Lakini saa ya kuingia na ya kutoka umepanga wewe, na saa ndiyo inayoamua mtu atumie boda au miguu, apate gari la moja kwa moja au aunge unga. Shifti yangu ya saa 12 asubuhi ndiyo ilikuwa inamtoa yule dada 1,500 ya boda gizani, na kufunga saa 4 usiku ndiyo kulikuwa kunamtoa ile 2,000 nyingine.

Nikapanga upya hivi. Nikachora mstari: wanaoishi karibu, yani Manzese, Mabibo, Kigogo, na wa Kimara ambaye anakuja na mwendokasi anashuka Shekilango anamalizia kwa miguu, hao ndio wanafungua na kufunga. Wanaotoka Chanika, Mbagala, Bunju wanaingia saa 1 na nusu asubuhi wanatoka saa 11 na nusu jioni, kila siku hivyohivyo, hakuna tena wiki ya asubuhi na wiki ya jioni. Kwa saa hizo dada wa Chanika anatoka kwake watu wameshaanza kupita njiani, anatembea na majirani mpaka stendi bila boda.

Utaniuliza chapati za saa 12 nani anapika? Hilo nililihangaikia kwa wiki nzima. Jibu likatoka kwake mwenyewe, akasema bosi unga nitaukanda na kuusokota jioni kabla sijaondoka, unalala kwenye friji umefunikwa vizuri, asubuhi kijana wa Manzese anasukuma na kuchoma tu. Ikawa hivyo, na wateja hawajawahi kulalamika. Kwa hiyo kabla hujasema kazi yangu hairuhusu, waulize wanaoifanya ni sehemu gani ya kazi lazima ifanyike alfajiri na ni ipi inaweza kufanyika jana yake.

Kwa haki ya wanaofunga: sheria ya ajira inahesabu kazi ya usiku kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi na inataka uongeze asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa kwa kila saa ya usiku. Walipe. Ukiwabebesha wa karibu kazi ya usiku kwa ajili ya wa mbali halafu usiwalipe umehamisha mzigo tu, hujausaidia.

Jioni foleni bado ipo, sitawadanganya, saa 11 na nusu Mandela Road unaijua. Kijana wa Mbagala tulimsogeza, anaingia saa 1 kamili anatoka saa 11 kamili, nusu saa hiyo tu inamfanya awahi gari kabla halijaanza kugombaniwa, hageuzi tena nalo.

Hatua ya 4: Punguza siku za kuja kazini

Nauli ya siku ambayo mtu hajasafiri ni sifuri. Sisi tulikuwa siku 6 za masaa 7 na nusu, inakuja 45 kwa wiki ambayo ndiyo kikomo cha masaa ya kawaida kisheria. Tukahamia siku 5 za masaa 9, ni 45 zilezile. Kazi haijapungua, mshahara haujapungua, ila kila mtu amepunguza safari nne kwa mwezi. Ratiba nimeipanga watu wanapokezana kupumzika, Jumatatu na Jumanne zilizopoa kwa upande wangu ndio wengi wanakuwa off.

Kuna wanaoweza kwenda mbali zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mkiandikiana mtu afanye mpaka masaa 12 kwa siku, mapumziko ya kula yakiwemo humo, bila kuhesabiwa ovataimu, mradi isizidi siku 5 kwa wiki na masaa 45. Mwenye godauni au karakana hapo anaweza kufanya siku 4. Lakini muandikiane, isiwe maneno ya mdomoni, na kwa kazi ya kusimama jikoni mimi binafsi nisingemfanyia mtu masaa 12, atapona nauli augue miguu.

Na wale wa karatasi na simu? Dada anayepokea oda za WhatsApp na kuandika hesabu za stoo, siku mbili kwa wiki yuko kwake Goba anafanya hukohuko, mimi nanunua bando. Hili lilikuwa rahisi hadi nikajiuliza kwa nini sikulifanya siku zote.

Hatua ya 5: Sasa ndio uje kwenye hela

Ukifika hapa hesabu imeshashuka. Dada wa chapati kutoka 133,900 sasa anatumia 3,200 kwa siku, mara siku 22 ni 70,400. Hapo ndipo nikapanga nauli kwa madaraja matatu badala ya ile 2,000 ya wote:

Wanaotembea au wanaopanda gari moja nimewaachia 52,000 yao kwa mwezi kama ilivyokuwa, hata kama siku zimepungua. Tafadhali usimpunguzie mtu hata mia ili kumuongezea mwingine, mtagombana mpaka sufuria zigombane. Wanaopanda gari mbili 3,000 kwa siku. Wanaopanda gari mbili na kuna boda njiani 4,000 kwa siku. Unaona dada wa Chanika anatumia 3,200 nampa 4,000, hiyo 800 ni ya siku ya mvua na siku ya kuumwa mguu, niache nayo.

Jinsi ya kuipa ni muhimu sawa na kiasi chenyewe. Toa kila wiki, sio mwisho wa mwezi. Mimi natuma kwa simu Jumapili jioni, na naweka na ya kutolea juu yake. Nauli ikichanganywa na mshahara tarehe 30 inaliwa na kodi, ada, na marejesho ya kausha damu ndani ya siku tatu, na ukifika tarehe 18 tunarudi kulekule kwa deiwaka. Ukituma Jumapili mtu anakuwa na uhakika wa wiki nzima. Kwa mtu ambaye hana simu ya maana au namba yake inakatwa madeni moja kwa moja, mpe keshi mkononi, usimlazimishe.

Kuhusu kupandisha: gawa nauli kichwani mwako sehemu mbili. Sehemu ya daladala ipande LATRA wakitangaza nauli mpya, sio kila mafuta yakisogea. Sehemu ya boda na bajaji hiyo inafuata bei ya mafuta wiki hiyohiyo, kwa hiyo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi uliza tu kwenye grupu, jamani boda huko kwenu zimekuwa shingapi? Dakika mbili, unajua. Hivi watu hawahitaji kuja kukulilia mmoja mmoja, na wewe hupandishi kwa hofu.

Na kodi ya serikali usiisahau. Posho ya nauli ya kutoka nyumbani kuja kazini inayolipwa keshi inaingia kwenye mapato ya mfanyakazi, kwa hiyo mtu ambaye mshahara na nauli kwa pamoja vinavuka 270,000 kwa mwezi anaanza kuguswa na PAYE, ile kodi inayokatwa kwenye mshahara, asilimia 8 ya kile kilichozidi. Kaa na mhasibu wako muone vizuri kabla hujatangaza kiasi, maana ukiahidi 88,000 halafu mtu akapokea pungufu ya hapo atakuona muongo. Chakula cha kazini kinachopikwa hapohapo kwa wafanyakazi wote kimekaa vizuri zaidi kwenye sheria ya kodi, nitakigusa chini.

Hatua ya 6: Usiku tafuta bajaji moja, dereva mmoja

Wanaofunga saa 4 usiku kwangu ni watatu, dada wawili na kijana. Hata kama ni Manzese na Mabibo, saa hizo mtoto wa mtu haachiwi atembee. Nimeongea na dereva wa bajaji wa kijiweni pale nje, 6,000 kwa usiku, anawabeba wote watatu anamshusha kila mmoja mlangoni. Namlipa Jumamosi kwa wiki nzima. Kwa mwezi ni 156,000. Mmojammoja kwa boda walikuwa wanatumia zaidi ya hiyo, na walikuwa wanaogopa.

Masharti niliyompa: ni yeye mwenyewe, sio "nimemtuma mshkaji wangu leo". Namba ya bajaji na ya simu yake anazo kila mmoja na mimi ninazo. Akipata dharura aniambie kabla ya saa 2 nitafute mwingine. Na kila aliyeshuka anaandika kwenye grupu "nimefika". Mimi silali mpaka nione tatu.

Kama una kirikuu ya kubebea mzigo usiwapakie watu nyuma ukidhani umewasaidia. Haikukatiwa bima ya abiria, haina leseni ya abiria, na ikitokea ajali hakuna maneno yatakayokutoa hapo. Na kama hujajisajili WCF, yule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, nenda kajisajili, ni lazima kwa kila mwajiri hata kama una watu wawili.

Hatua ya 7: Mkopo wa kodi ya nyumba kwa anayetaka kusogea

Wengi tunajiuliza kwa nini mtu anaishi kilomita 30 kutoka kazini. Asogee basi! Hasogei kwa sababu mwenye nyumba anataka miezi 6 kwa mkupuo. Chumba cha 60,000 Manzese ni laki tatu na sitini siku ya kwanza, na mtu ambaye theluthi ya mshahara inaishia barabarani ataipata wapi? Kwa hiyo anabaki mbali kwa sababu ya gharama ya kuwa mbali, mzunguko hauishi.

Kijana wangu wa kuosha vyombo alikuwa anapanga Kivule. Nilimkopesha 360,000, bila riba, tukakubaliana 40,000 kwa mwezi kwa miezi 9. Sasa anatembea kuja kazini. Kabla hajamaliza deni la miezi 9, kodi nyingine ya miezi 6 inakuwa imeshafika muda wake, kwa hiyo pangeni mapema, mimi nilimwambia kuanzia mwezi wa kwanza wa mkopo aweke pembeni hela aliyokuwa anaachia boda.

Andikianeni. Sheria yetu hairuhusu kukata mshahara wa mtu kienyeji, makato ya deni yanataka akubali mwenyewe kwa maandishi. Karatasi iseme kiasi, makato ya kila mwezi, na ikitokea ameacha kazi kilichobaki kitalipwaje. Hela umlipe mwenye nyumba mkiwa naye, mkataba wa nyumba uwe kwa jina la mfanyakazi sio lako. Usiwe baba mwenye nyumba wa mfanyakazi wako, siku mkikorofishana kazini hapaswi kukosa na pa kulala.

Halafu sio kila mtu anataka kusogea, na hilo liheshimu. Dada wa chapati nilipompa wazo hili aliniambia, "Bosi, kule nimejenga, vyumba viwili havijapakwa plasta lakini ni vyangu." Mtu aliyejidunduliza mpaka akajenga kwa mshahara wa chapati humwambii arudi kupanga. Kwake yeye dawa ilikuwa ile ya saa.

Baiskeli nayo ni mkopo wa aina hiyohiyo, mmoja wa Mabibo amechukua na anafurahi. Kwa barabara zetu kubwa sipendi kumshawishi mtu, akitaka mwenyewe na njia zake ni za mitaani, sawa.

Hatua ya 8: Jipange na mvua kabla haijaja

Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, nauli za kawaida hazina maana. Jangwani ikijaa maji mwendokasi unasimama, gari zinazunguka, boda wanapandisha mara mbili na barabara za ndani zinakuwa tope. Mimi kwa kaunta naacha bahasha ya 30,000 ya mvua, keshia anampa mtu kiasi anachohitaji, anaandika jina na kiasi, basi, hakuna kuniomba ruhusa. Na siku hiyo kuchelewa hakuhesabiwi. Ikinyesha tangu usiku, wa mbali wanaandika kwenye grupu saa 11 alfajiri hali ya huko ikoje, kama haipitiki mtu asije, abadilishane siku na mwenzake.

Kama huna hela kabisa kwa sasa

Najua kuna wanaosoma hapa na biashara inapumulia mdomoni. Bado hatua ya 1, 3 na 4 hazikugharimu shilingi, ni kalamu na daftari. Ongeza haya: chai na chapati au uji kwa wote wakifika, maana mtu aliyetoka kwake saa 11 alfajiri hajala, na usipompa atanunua njiani kwa hela ya nauli ya kurudi. Acha kuwasema watu kwa dakika 15 za foleni, weka nafasi ya nusu saa anayechelewa afidie jioni. Usimwite mtu siku yake ya off kwa kikao cha dakika 20, hicho kikao kinamtoa 3,200. Na usimrudishe mtu nyumbani saa 4 asubuhi eti leo wateja hakuna, ameshalipa kuja, mpe kazi ya stoo amalize siku au umlipe nauli yake.

Ukiajiri mpya, tangaza kwanza mitaa ya jirani, hilo ni sawa. Kumkataa mtu mzuri kwa sababu tu anatoka Chanika, hapana.

Hesabu yangu ilivyotoka

Zamani nauli ya wote ilikuwa 572,000 kwa mwezi. Sasa wanne wa karibu 208,000, wanne wa gari mbili 264,000, watatu wa mbali 264,000, jumla 736,000. Nimeongeza 164,000, na bajaji 156,000, inakuwa 320,000. Ila deiwaka wametoka siku 20 mpaka siku 6, nimeokoa 140,000. Kwa hiyo kinachotoka mfukoni kwangu kweli ni 180,000 kwa mwezi, kama 6,900 kwa siku. Kwangu hiyo ni faida ya sahani sita saba za wali kuku, na tangu tuanze hakuna mtu hata mmoja aliyeacha kazi. Zako zitatoka tofauti, lakini ziandike hivihivi, ulichoongeza upande mmoja na ulichookoa upande mwingine, usitazame upande mmoja tu ukaogopa.

Zile karatasi za hatua ya kwanza zifungue tena kila baada ya miezi mitatu, maana watu wanahama, wanaolewa, wanahamia kwa ndugu, na wengi hawasemi. Wiki iliyopita nilipozipitia ndio nikajua dada wa juisi amehamia Bunju kwa shangazi yake tangu mwezi uliopita, amekuwa akijazia boda kutoka mfukoni kimyakimya. Jumapili hii anapokea ya daraja la tatu, pamoja na ya wiki nne zilizopita.